Kili za Katikati

Bi Mwatum binti Jecha alikuwa msukaji wa mikeka, na mimi, Ahmada, nilikuwa mnunuzi wake. Alikaa nje kidogo ya Konde, na baraza yake niliijua kuliko yangu kwa sababu niliikalia zaidi. Mwanamke yule hakuuza mkeka bila ya vita. Nikitaja bei, alicheka, tena cheko la kumwita jirani aje asikie. Akitaja yake, mimi nilisimama nikajikung'uta vumbi kama mtu anayeondoka. Hapo aliukunja mkeka akaingia nao ndani, na baada ya kitambo binti yake, Moza, alitoka na kata ya maji. Maana ya maji yale ilikuwa moja: kaa, hatujamaliza.

"Ahmada," aliniambia siku moja, "weye ukizikwa leo, kesho utakuwa unabishana na Munkari bei ya sanda."

Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayebishana anajua thamani ya alichoshika.

Mimi mwenyewe sikurithi duka. Nilianza kwa kubeba mikeka ya watu kichwani, nikaja kununua mmoja mmoja, mpaka nikapata chumba cha duka Konde, na nyuma yake ghala lililojaa mikeka hadi darini. Mingine niliishusha bandarini Wesha ikapakiwe kwenda Unguja na Mombasa. Elimu yangu ni chuo cha Kurani na vidole vyangu. Mkeka naushika kabla sijautazama. Kidole kinaniambia kama ukindu ulikatwa mchanga au ulikomaa, kama ulichemshwa sawasawa au ulianikwa haraka ili mtu awahi soko. Baadaye ndipo natazama rangi na mchoro: haya mawimbi, huu msumeno, haya macho ya samaki. Hapo nilikuwa naishia, nikataja bei. Kwamba mkeka una jambo la tatu, yaani kile kilichokuwa moyoni mwa aliyeusuka, nilijua lipo, lakini halikuwa na mnunuzi, na mimi sikuwa na haja nalo.

Kwa asiyejua, mkeka hausukwi mzima. Mwanamke huchana ukindu, akachovya baadhi yake katika rangi inayochemka, kisha akasuka ukanda mrefu upana wa kiganja, nao ndio ukili. Kili zikitimia huunganishwa moja baada ya moja kwa uzi wa ukindu huohuo, na mshono mzuri huuoni. Kwa hiyo mkeka mmoja unaweza kuwa na kili za miaka mbalimbali. Msukaji huning'iniza ukili ukutani akausahau, akasuka mwingine siku akipata nafasi.

Mkeka wa arusi wa Moza ulikuwa wa namna hiyo. Kwetu mama huanza kumsukia binti yake mkeka wa kitandani angali mtoto, haambiwi na mtu. Bi Mwatum aliuanza Moza akiwa hajang'oka meno, na kili zake za katikati zina habari yao.

Mumewe, Jaribu, alikuwa mkulima na muadhini wa msikiti wao. Saa hakuwa nayo, na hakuitaka. Alifuga jogoo mmoja mwekundu nyuma ya jiko, na jogoo yule ndiye aliyemwamsha, na Jaribu ndiye aliyewaamsha wengine. Majirani walimtania kwamba imamu wa kweli ni yule mwenye manyoya. Kisha ukaja mwaka wa masika mabaya, Jaribu akashikwa na homa, akafa. Jogoo akachinjwa kwa hitima, maana wageni walikuwa wengi na nyumba haikuwa na kitu kingine. Bi Mwatum alikaa eda yake, na ndani ya eda ile, mikono ikiwa haina kazi, alisuka kili tatu ambazo sijaona mfano wake kabla wala baada. Ukizitazama haraka utaona msumeno wa kawaida, mwekundu na mweusi. Ukikaa nazo, unaona kifua, unaona mkia uliopinda, unaona upanga wa kichwani. Jogoo nyuma ya jogoo, wote wameinua vichwa.

Nilizitaka. Nilimwambia asuke mkeka mzima wa vile, nitampa bei asiyoifikiria. Hakucheka safari ile. Alisema hizi ni za kitanda cha Moza, ili siku ya arusi yake baba yake awepo. Niliona tu kwamba hapakuwa na biashara pale.

Yote hayo yalikuwa kabla ya siasa. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo nililokuja kulishika mimi na halikunifaa kitu.

Siasa ilipokuja, ilikuja mpaka vyunguni. Sitavitaja vyama, waliokuwepo wanavijua. Chama kimoja kilikuwa na alama ya jogoo, na hicho kimoja na kingine viliwagawa watu waliokuwa wakikopeshana chumvi. Watu wa huku hawakununua katika duka la watu wa kule. Mtu alifiwa, na jirani akapita na jembe lake begani asigeuze shingo. Wanawake waliachwa, na sababu iliyotajwa mbele ya mashahidi ilikuwa kura. Mimi niliuzia pande zote, na pande zote zilinitukana. Mwaka 1961 uchaguzi ulifanywa mara mbili, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Juni, na baina ya mara hizo mbili ndipo ilipowekwa arusi ya Moza.

Mshenga nilikuwa mimi. Mchuuzi anaingia nyumba nyingi, anajua wapi kuna kijana na wapi kuna binti. Kijana alikuwa Shaame, mtoto wa Mzee Ngwali wa Kengeja, mkulima wa muhogo na ndizi, mtu wa haki ambaye hakuwahi kunidhulumu wala mimi sikuweza kumdhulumu. Shaame alikuja Konde kwa gari ya abiria pamoja na mimi kuchukua mikeka, akamwona Moza akitoa ile kata ya maji. Safari iliyofuata alikuwa na hamu ya mikeka kuliko mimi. Ngwali na ukoo wake walikuwa wa chama kile kingine, lakini Bi Mwatum hakuwa wa chama chochote, na tulikubaliana pande zote mbili kwamba arusi si mkutano wa hadhara. Posa ilipokelewa. Mahari yalikatwa bila ya makelele. Moza alianza kuimba jikoni, jambo ambalo mama yake alijifanya halisikii.

Siku chache kabla ya nikaha, wanawake wa upande wa bwana arusi huja kutazama kitanda. Ni ada ya furaha. Wanapapasa mkeka, wanasifu foronya, wanatia ubani, wanatoleana maneno yasiyoandikika. Waliongozwa na Bi Time, shangazi yake Shaame. Mimi nilikuwa nje na wanaume. Tuliwasikia wakiingia kwa vigelegele, na tukawaona wakitoka kimya, mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao.

Bi Time alisimama mlangoni, akamwambia Bi Mwatum kwa sauti ya chini, "Mwanetu hatalalia jogoo."

Bi Mwatum alicheka. Alidhani ni katika yale matani ya kitanda. Hata alijibu kwa utani wake, kwamba jogoo ndiye anayetakiwa kitandani, au Kengeja wanatumia kitu gani. Hakuna aliyemfuata katika kicheko kile. Wageni wakapanda gari, na biriani waliyopikiwa ikabaki katika masinia.

Kesho yake niliuchukua mkeka nikaenda nao Kengeja. Nilikuwa na hoja nzuri, na niliamini hoja. Nilimkunjulia Mzee Ngwali barazani kwake, nikamwambia apitishe kidole. Kili za pembeni zilikuwa za mwaka ule, nyeupe, zina harufu ya jua bado. Zile za katikati zilikuwa zimegeuka rangi ya asali, nyekundu yake imezama ndani ya ukindu kama inavyozama kwa miaka, na migongo yake ilikuwa laini. Nilimwonyesha penye mshono. Nilimwambia kwamba kili hizi zimekizidi chama umri, kwamba jogoo huyu ni wa Jaribu aliyekuwa muadhini, kwamba mwanamke aliyezisuka alikuwa katika eda ya mumewe na chama chenyewe hakijapewa jina.

Ngwali alipapasa kwa makini, kama anavyopapasa mbegu. Akamrehemu Jaribu. Kisha akaukunja mkeka mwenyewe, vizuri, akanirudishia.

"Bwana Ahmada, nnaamini kila ulilosema," alisema. "Lakini mie sitasimama mlangoni nimweleze kila mgeni umri wa ukindu. Mtu akiingia akimwona jogoo, amemwona jogoo."

Nilijaribu. Nilisema utandikwe shuka juu. Nilisema ugeuzwe. Alinijibu kwamba shuka hufuliwa, na kwamba pale Kengeja tayari wanasema mwanawe ameolewa yeye. Mwisho akanipa sharti lake, bila ya hasira: zile kili zitoke, arusi iko palepale. Akanilisha muhogo na samaki, akanisindikiza hadi penye gari.

Nilimfikishia Bi Mwatum maneno kama nilivyopewa. Alikuwa amekaa barazani na chane za ukindu mapajani. Aliniuliza jambo moja tu, kama nimemwambia Ngwali jogoo ni wa nani. Nikasema nimemwambia. Akaniuliza alisemaje. Nikasema amemrehemu. Akakaa akichezea chane moja kidoleni, akiizungusha na kuifungua.

Nilingoja abishe. Hakubisha. Aliingia ndani akatoka na kisu kidogo cha kuchania, akautandaza mkeka pale barazani mbele yangu, akaanza kuukata mshono.

Moza alitoka mbio. Alikuwa na hina ya kujaribia mkono mmoja. Akamshika mama yake kifundo cha mkono, akamwambia asifumue, Shaame atamwoa hivyohivyo au asimwoe.

"Niache mwanangu," Bi Mwatum alisema. "Baba yako yuko kaburini, halali mkekani. Utakayelala ni weye."

Alifumua. Mshono wake ulikuwa mzuri mno hata kisu kilikuwa hakiuoni, na mara mbili alijikata. Zile kili tatu zilipotoka alizikunja pamoja akaziweka pembeni, asiziangalie. Halafu akauleta upande huu na upande huu, akaushona mkeka tena. Sasa ulikuwa mwembamba. Ulipotandikwa kitandani ulionyesha kamba pande zote mbili, na hapakuwa na muda wa kusuka kili nyingine zenye sifa hiyo. Moza aliziba pengo kwa kanga. Mimi nilipeleka habari Kengeja kwamba sharti limetimizwa, nikarudi na jibu kwamba watakuja na maulidi kama ilivyopangwa. Nikajipongeza. Nilikuwa nimemaliza mapatano magumu kuliko yote niliyowahi kushika, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu, ndivyo nilivyodhani.

Nilimsahau Bakar.

Bakar alikuwa ndugu yake Jaribu, baba mmoja mama mmoja. Kwa kuwa Jaribu amefariki na Moza hakuwa na kaka, wa kumwozesha alikuwa yeye, ammi yake. Na Bakar alikuwa mtu wa jogoo, bendera mlangoni, fulana kifuani. Habari ilimfika shambani kwamba Mwatum amemfumua jogoo ili kuwapendeza watu wa Kengeja. Alikuja mchana, na matope miguuni, akataka kuziona zile kili. Bi Mwatum akamletea. Akazishika muda mrefu. Alikuwa anajua jogoo yule ni yupi. Alimjua akiwa kifaranga, yeye ndiye aliyempa ndugu yake.

"Mmemng'oa Jaribu," alisema, "kwa sababu Ngwali hakumpenda?"

Bi Mwatum alimjibu kwamba amefanya kwa ajili ya Moza. Bakar akasema ikiwa jina la ndugu yake haliwezi kuingia katika nyumba ile, mtoto wa ndugu yake haingii pia, na yeye hatatoa mkono wake kumwozesha. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo sijui kama alikuwa anamtetea ndugu yake au chama chake. Nadhani na yeye hakujua. Yote mawili yalikuwa yameshonwa pamoja na hapakuwa na kisu cha kuyatenga.

Nilifanya nililoweza. Nilimwendea Bakar nyumbani, nikamkuta ana watu wa tawi lake, na mbele ya watu wale asingeweza kurudi nyuma hata angetaka. Nikamwambia Bi Mwatum kwamba walii akikataa bila ya sababu ya sheria, kadhi anaweza kumwozesha binti. Akasema hatamburuta ndugu wa mumewe kwa kadhi. Hata hivyo nilikwenda Kengeja kulitafutia njia jambo hilo, na huko Mzee Ngwali alinisikiliza mpaka mwisho kisha akapangusa uso kwa mikono miwili. Alisema alitaka mke kwa mwanawe, hakutaka kesi. Alisema mahari aliyokwishatoa anayaacha kwa binti, na kwamba hana chuki. Nilimwamini. Hakuna hata mmoja katika habari hii niliyemwona na chuki, na ndiyo maana sikupata pa kushikia.

Shaame alikuja dukani kwangu Konde mara moja. Alisimama baina ya mikeka, akashika huu, akashika ule. Akaniuliza kama Moza mzima. Nikasema mzima. Akauliza kama yule mkeka niliununua mimi. Nikasema sikuununua. Gari likapiga honi, akaenda. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameoa kwao.

Bi Mwatum alikuja akaliona kosa lake, kama ni kosa: angezing'ang'ania zile kili angempoteza mkwe na kumbakisha shemeji, kwa kuzitoa alipoteza wote wawili, na mume mara ya pili. Hakulisema hilo kwangu. Niliona tu kwamba siku moja, niko barazani nafungia mikeka, aliingia chumbani kwa Moza na zile kili tatu na sindano. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema taratibu kwamba atamrudishia sasa, mkeka uwe kama ulivyokuwa, hakuna tena wa kumkataza.

"Ziache, mama," Moza alisema. "Nnalala peke yangu. Unanitosha."

Bi Mwatum alitoka, akakaa karibu yangu, na sindano ingali na uzi. Mimi niliendelea kufunga.

Baada ya hapo alisuka mitupu. Mikeka ya ukindu mweupe, au na mstari mmoja wa rangi pindoni, ambayo mtu yeyote wa chama chochote angeweza kuikalia. Kazi ilikuwa safi, ukindu ulikuwa bora, mshono hauonekani, lakini ukiitazama hakuna kitu mle kinachokutazama. Wateja wangu wa Mombasa waliulizia michoro yake ya zamani. Nikamfikishia. Akasema macho yake hayaoni tena vizuri, na mimi nilimwona akitia uzi katika sindano kwa jaribio la kwanza.

Watu wa tawi la Bakar walizitaka zile kili wazitundike ofisini kwao, na walikuwa tayari kutoa bei ya mkeka mzima. Walinituma mimi. Ni kazi yangu, nikaenda.

"Waambie huyu hajawahi kwenda mkutanoni," alisema. "Alikuwa akiamsha watu tu."

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni mwaka 1963, mvua za vuli zimeanza. Nilikwenda kuchukua mzigo. Moza alikuwa ameolewa? La. Walikuja wawili kumposa, mmoja mtu mzima mwenye watoto, na mara zote mbili Bakar alikuwa tayari kuozesha, amekuja na kanzu ya pasi. Moza ndiye aliyekataa, kwa adabu. Alikuwa amekaa upenuni anachana ukindu, na mkono wake ulikuwa umeshakuwa mkono wa mama yake.

Mikeka ilikuwa imefungwa tayari. Nilipoinama kuinyanyua, niliona kamba iliyoifunga. Haikuwa kamba. Zilikuwa zile kili tatu, zimesokotwa pamoja. Jua na maji vilikuwa vimezila. Nyekundu imekwisha, nyeusi imekuwa kijivu. Nilimtafuta jogoo kwa kidole na kwa jicho, na mimi ndiye ninayejua alipo, sikumpata.

Bi Mwatum aliniona ninavyotafuta. Alisema mende walikuwa wanazila bure, afadhali zishike kazi.

Nikaketi barazani. Nikataja bei. Niliitaja ya chini, ya chini hasa, ya kumwudhi, bei ambayo zamani angemwita jirani aje aisikie. Nikamtazama usoni.

"Sawa," alisema. "Chukua."

Nikabaki nimekaa. Nilisema mvua inaonyesha itarudi, akasema naam. Moza hakuleta maji. Nilingoja, mzigo uko miguuni pangu, nikidhani labda anavuta pumzi tu, kwamba sasa hivi ataukunja mkeka wa juu aingie nao ndani.